Je, Wajua? Vita Vilivyopita Uluguru na Wanawake Waliobaki na Jembe

Je, wajua kuwa mji uliotangulia Morogoro ya leo uliwahi kutawaliwa na mwanamke aliyerithi ngome ya vita?

Aprili 1871, Henry Morton Stanley akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alikuta chini ya milima ya Uluguru mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, wenye minara kwenye pembe na milango ya mbao iliyochongwa. Uliitwa Simbamwenni, na alikadiria kuwa watu wake walikuwa kati ya 3,000 na 5,000. Aliyeujenga ni Kisabengo, mbabe wa asili ya Kizigua aliyepata nguvu kwa kuteka watu na kuwauza. Alipokufa, utawala ukashikwa na binti yake. Stanley alipopiga kambi karibu na mto, wajumbe wa binti huyo walifika kudai hongo ya njia. Baadaye watu wa msafara walipotumwa kumsaka mpishi aliyetoroka, mtawala huyo aliwakamata na kuwatia minyororo, na haikuwa rahisi kuwatoa mikononi mwake. Mwaka uliofuata mafuriko ya Ngerengere yakabeba upande mzima wa ukuta na nyumba kadhaa. Watoto wetu shuleni wanamjua Stanley vizuri. Mwanamke aliyemdai hongo hawajawahi hata kumsikia, na yeye ndiye wa hapa.

Wajua kuwa mtoto wa Kiluguru ni wa ukoo wa mama yake? Na mashamba ya mlimani, kwa desturi, hufuata njia hiyohiyo. Tusiipambe desturi hii kupita ilivyo: msemaji wa ukoo alikuwa mjomba, na aliyegawa ardhi mara nyingi alikuwa mwanamume. Hata hivyo, mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa na jeshi asirudi hakufukuzwa shambani na ndugu wa mume, kwa sababu shamba lilikuwa la kwao. Shika jambo hilo, kwa maana kila vita nitakavyovitaja hapa vilimkuta mwanamke wa Uluguru akiwa tayari na udongo chini ya miguu yake. Wenzake wengi duniani hawakuwa nao.

Wajua kuwa miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani huko Songea mwaka 1906, baada ya Vita vya Maji Maji, alikuwamo mwanamke? Ni Nduna Mkomanile, kiongozi wa Kingoni.

Je, wajua kuwa Morogoro iliwahi kuwa makao ya serikali ya koloni? Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Gavana Heinrich Schnee aliiacha Dar es Salaam iliyokuwa wazi kwa mizinga ya meli za Waingereza, akahamia huku bara. Reli ilikuwa imefika Morogoro tangu 1907, kwa hiyo mafaili na maofisa walikuja kwa treni.

Wajua kuwa Waingereza walipoziba bahari, nguo ziliadimika hadi watu wakarudi kusokota pamba kwa mkono? Kazi hiyo ilifanyika misheni na majumbani, na wanawake wa Kiafrika na wa Kizungu ndio waliokalia nyuzi.

Sasa tufike mwaka 1916, na hapa naomba tukae kidogo. Agosti 17 yalipiganwa mapigano ya Dakawa, kwenye mto Wami. Agosti 26 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts likaingia Morogoro mjini. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekwisha kuondoka, akipitisha watu wake pande zote mbili za milima kuelekea Kisaki. Majeshi yakafukuzana kupitia Matombo, Duthumi na bonde la Mgeta, kisha yakakwama. Tangu Septemba 1916 hadi Januari 1, 1917, mto Mgeta ndio uliokuwa mpaka kati ya maadui. Kwa miezi hiyo yote, vijiji vya kusini mwa Uluguru vililisha majeshi mawili, moja kila upande wa mto, na hakuna hata moja kati yao lililokuja na jembe.

Je, wajua unga wa jeshi ulikuwa kazi kiasi gani? Posho ya mpagazi mmoja ilikuwa kama kilo moja ya unga kwa siku. Wapagazi elfu moja ni tani moja, na kesho yake tani nyingine. Mashine za kusaga hazikuwako milimani. Mahindi yalipukuchuliwa, yakapwagwa kinuni mpaka ganda lifunguke, yakapepetwa kwenye ungo, yakalowekwa, yakatwangwa tena, yakachekechwa, chenga zikarudishwa kinuni, na unga ukaanikwa juani usivunde. Mshika mchi ni mwanamke. Wanaume walikuwa wametoka nyumbani, ama wamefungiwa mizigo kichwani, ama wamejificha msituni ili wasifungiwe. Kwa hiyo aliyelima ni yeye, aliyetwanga ni yeye, na msafara ulipopita alfajiri kuchukua akiba ghalani, aliyesimama mlangoni na watoto ni yeye.

Wajua idadi? Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na takriban 100,000 walikufa. Risasi iliua wachache. Kuhara, malaria na nimonia vilimaliza wengi. Kambi ya wapagazi hao jijini Dar es Salaam ilikuwa pale ambapo leo tunanunua nguo na ndizi, Kariakoo.

Wajua kuwa majirani zetu wa Ugogo, ambako majeshi yalichukua ng'ombe na nafaka kisha mvua ikakataa, walikumbwa na njaa waliyoiita Mtunya, na watu wapatao 30,000 wakafa? Mafua makali ya 1918 yakaja juu yake, yakiua Tanganyika nzima watu wasiopungua 50,000. Wagonjwa walihitaji uji, maji na mtu wa kuwageuza kitandani. Hakuna daftari la jeshi lililoandika nani aliyafanya hayo.

Je, wajua kuwa jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa pia kijiji kinachotembea? Askari walifuatwa na wake zao na watoto, kutoka Moshi hadi Morogoro, hadi Msumbiji na kurudi. Wanawake hao walibeba sufuria, mikeka na kuku, walipika, walitibu majeruhi, walijifungua njiani na kesho yake wakaendelea na safari. Novemba 25, 1918, jeshi hilo lilipoweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, wanawake waliokuwamo walihesabika kwa mamia. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Wanawake waliotembea njia ileile hawakuwahi kuwa na mshahara, kwa hiyo hapakuwa na malimbikizo ya kulipwa.

Wajua sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927? Maandishi yake yanawakumbuka wanajeshi wa Kiafrika, wapagazi, na wanaume wengine waliotumika wakafa. Soma mara mbili. Wanawake hawamo. Na hapa kwetu, makaburi ya wanajeshi wa vita vile yanatunzwa vizuri Morogoro mjini, yakiwa na mawe ya kumbukumbu. Mwanamke aliyekufa Duthumi kwa njaa ya 1917 hana jiwe. Mimi jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Tuvuke bahari kidogo. Je, wajua kuwa vita hivyohivyo ndivyo vilivyomfungulia mwanamke wa Marekani, nje ya uuguzi, mlango wa jeshi la majini? Kuanzia Machi 1917, wanawake zaidi ya 11,000 waliandikishwa kama makarani. Wengine zaidi ya 200, waliojua Kifaransa, walipelekwa Ufaransa kuendesha mitambo ya simu ya jeshi. Hao wa simu waliporudi nyumbani waliambiwa kuwa hawakuwa wanajeshi kamwe. Bunge la Marekani lilikuja kuwatambua mwaka 1977, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Haki ya kupiga kura, ambayo wanawake wa Marekani walikuwa wameidai kwa zaidi ya miaka 70, waliipata nchi nzima mwaka 1920.

Wajua kuwa Vita vya Pili viliifikia Morogoro kupitia mkonge? Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Washirika walipoteza nyuzi za kamba za meli. Macho yakageukia Tanganyika. Mashamba ya Kimamba, Kilosa, Ngerengere na kando ya Morogoro yakahitaji watu kwa haraka, na serikali ikaanza kuandikisha wanaume kwa lazima. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka mikoa ya mbali. Mwanamume alikata majani, mashine ya korona ikayakwangua, na kwenye nyaya za kuanikia singa, yaani nyuzi zake, walionekana pia wanawake na watoto. Singa mbichi huwasha mikono, na maji yake hunuka kwa mbali. Aliyewahi kupita karibu na korona hasahau.

Na hili je? Ulanga wa Uluguru, yale madini ya tabaka tabaka yanayong'aa kama kioo chembamba, ulichimbwa tangu enzi za Mjerumani. Vita vya Pili viliupandisha hadhi, kwa sababu redio na injini za ndege zilihitaji kitu kisichopitisha umeme wala kuogopa joto.

Wajua kuwa watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika vita hivyo, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma? Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikatumwa kwa familia. Kwa wake wengi wa vijijini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupokea fedha taslimu kwa jina lao. Lakini barua ilihitaji msomaji. Mke asiyesoma alikwenda kwa mwalimu au katekista, naye akasoma mambo ya ndani ya nyumba kwa sauti, na jibu likaandikwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Tukiwa kwenye barua: wajua kuwa Februari 1945 kikosi cha wanawake 855, karibu wote Wamarekani weusi, kilipelekwa Birmingham, Uingereza, kupanga mamilioni ya barua na vifurushi vya wanajeshi vilivyorundikana kwenye maghala? Kamanda wao alikuwa Meja Charity Adams. Walipewa miezi 6. Walimaliza kwa miezi 3. Medali ya Bunge la nchi yao iliidhinishwa mwaka 2022.

Wajua kuwa wakati wanaume wa Marekani wako vitani, wanawake walifikia karibu asilimia 37 ya nguvukazi ya nchi hiyo, kutoka asilimia 27 mwaka 1940? Kwenye viwanda vya ndege mwaka 1943 walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi. Amani ilipokuja, mamia kwa maelfu waliondolewa ili wanaume warudi kazini. Na ile picha mashuhuri ya mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani na kukunja mkono kuonyesha msuli? Mwaka 1943 ilibandikwa kwa muda wa wiki mbili tu ndani ya viwanda vya kampuni moja. Umaarufu wake ni wa miaka ya 1980.

Je, wajua kuwa Morogoro ilipokea wakimbizi wa Kipolandi? Stalin aliwahamishia maelfu yao Siberia na Asia ya Kati, na waliponusurika, wanaume wakaingia jeshini huku wanawake na watoto wakiletwa Afrika Mashariki kuanzia 1942. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na hapa Morogoro. Zilikuwa jamii za akina mama: walimu, wauguzi, washonaji na wakulima wa bustani wakilea watoto chini ya makuti.

Wajua kuwa matuta yaliyoitikisa Uluguru mwaka 1955 yana undugu na vumbi la Marekani? Dhoruba za vumbi zilizoharibu mashamba ya Marekani miaka ya 1930 ziliwatisha watawala wa makoloni ya Uingereza, nao baada ya vita wakaja na mipango ya kuokoa udongo. Hapa kwetu ilikuwa ni kukata ngazi kwenye mteremko, kwa amri, siku kadhaa kila wiki. Waume wengi walikuwa mjini au kwenye mkonge, kwa hiyo jembe la serikali likaangukia mikono ileile iliyokuwa na jembe la nyumbani. Ubaya zaidi, ngazi zilifukia udongo mweusi wenye rutuba na kupandisha ule mwekundu usioota kitu. Wakulima waliliona hilo kwa mavuno, wakasema, hawakusikilizwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye.

Mwaka huohuo, Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa akipita nyumba hadi nyumba na ngoma hadi ngoma kuandikisha wanawake katika chama cha TANU. Hadi Oktoba alikuwa na wanachama wapatao 5,000. Safari hii wanawake hawakusubiri vita viwafungulie mlango.

Je, wajua kuwa vita vya ukombozi wa Afrika Kusini vilikuwa na jikoni, darasa na wodi ya wazazi Morogoro? Chama cha ukombozi cha ANC kiliweka makao hapa katikati ya miaka ya 1960, na mkutano wake mkubwa wa mashauriano ulifanyika hapa kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Ruth Mompati, aliyefanya kazi karibu na Oliver Tambo, alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba ofisi za uhamishoni. Mapema miaka ya 1970, Florence Mophosho aliongoza idara ya wanawake akiwa hapahapa, na idara hiyo ikaanzisha jarida lake, Voice of Women.

Kisha likaja wimbi la vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 16, 1976. Mwaka 1977 Tanzania iliipa ANC shamba la mkonge lililoachwa la Mazimbu, na miongoni mwa viongozi wa serikali mkoani waliolishughulikia jambo hilo alikuwa Anna Abdallah, ambaye baadaye alikuwa waziri na mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake Tanzania (UWT). Pale pakajengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Mwaka 1982 Dakawa nayo ikawa kituo. Ni Dakawa ileile ya mapigano ya 1916.

Wajua nini kilimpata msichana wa Mazimbu aliyepata mimba? Aliacha masomo na kupelekwa kwenye kituo cha mama na mtoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza mwanamke kupata shahada, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Wilberforce, Ohio, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kituo kilitunza watoto vizuri, na hilo ni jema. Lakini binti aliyetoroka nchi yake ili asome, alijikuta akifua nepi wakati mvulana aliyempa mimba ile akiendelea na hesabu zake darasani. Wanawake wa ANC wenyewe walilalamikia jambo hilo. Harakati ya ukombozi haikuwa imemaliza kazi ndani ya nyumba yake. Julai 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako mabinti wanasoma hadi shahada za uzamivu.

Wajua kuwa wapiganaji wanawake wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walifunzwa silaha katika ardhi ya Tanzania, Nachingwea, kuanzia 1967? Josina Machel alikuwa katika kundi la kwanza. Alifariki Dar es Salaam Aprili 7, 1971, akiwa na umri wa miaka 25, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Sasa linganisha sheria, maana hapo ndipo kazi ya vita hupimwa. Mmarekani aliyeunda ndege za kivita mwaka 1943 aliweza kunyimwa mkopo bila sahihi ya mume hadi sheria ya mwaka 1974. Tanzania ilimpa mke haki ya kumiliki mali kwa jina lake katika Sheria ya Ndoa ya 1971, na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zikampa haki sawa ya kumiliki ardhi. Mama wa Kinole anayeshuka alfajiri na ndizi kichwani kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu alikuwa na shamba la ukoo kabla ya sheria hizo zote. Anachohitaji leo ni hati yenye jina lake, kwa sababu ardhi ya mlimani inapungua na wanunuzi kutoka mjini wanazungumza na wajomba.

Haraka haraka kabla nafasi haijaisha. Wajua kuwa wasichana wa Tanzania walikuwa wakifunzwa kutumia bunduki katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) katika miaka ya 1960, ilhali Marekani ilifungua kazi zote za mapigano kwa wanawake kwa uamuzi wa Desemba 2015? Wajua kuwa marubani wanawake 38 wa Marekani walikufa wakirusha ndege za jeshi katika Vita vya Pili, na kwa kuwa walihesabiwa raia, serikali haikugharamia mazishi yao? Na wajua kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi wa Tanzania, Stergomena Tax, aliteuliwa Septemba 2021, miaka 150 baada ya binti wa Kisabengo kumdai Stanley hongo?